Megapikseli ni nini, na mpiga picha wa Nchelenge anahitaji ngapi?

Namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa kuliko yote kwenye boksi la kamera ya dijitali ni ile ya megapikseli. Ndiyo anayoitaja muuzaji kwanza, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kamwala mjini Lusaka au Lubumbashi, na mara nyingi ndiyo inayotumika kupandisha bei. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya picha kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi upande wa Zambia hadi Kilwa na Pweto upande wa Kongo, kamera ni mtaji. Akikosea kuinunua hana duka la jirani la kurudishia mali. Ameshalipa nauli na ushuru, na siku kadhaa za kazi zimepotea njiani.

Makala haya yanaeleza namba hiyo inapima nini hasa, inasaidia wapi, na ni wapi mnunuzi analipia kitu ambacho mteja wake hatakiona kamwe.

Hesabu ya nukta

Picha ya dijitali imejengwa kwa nukta ndogo za rangi zilizopangwa safu kwa safu. Nukta moja huitwa pikseli, na pikseli milioni moja ni megapikseli moja. Ili kupata megapikseli za picha, idadi ya nukta za upana huzidishwa kwa idadi ya nukta za urefu. Kamera ya Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006 na ambayo bado inaonekana katika maduka ya mitumba, hutoa picha yenye nukta 3,008 kwa 2,000. Zidisha, utapata 6,016,000, yaani megapikseli 6.

Namba hii basi ni kipimo cha eneo, kama ekari za shamba. Haisemi lolote kuhusu ubora wa lenzi, rangi ya ngozi itakavyotoka, wala kamera itakavyofanya kazi ukumbini jioni. Na kwa kuwa ni kipimo cha eneo, hukua kwa namna inayowadanganya wengi. Mtu akiambiwa kamera hii ina megapikseli 16 na ile ina 8, hudhani ya kwanza inatoa picha kubwa mara mbili. Sivyo. Upana wa picha huongezeka kwa asilimia 41 tu. Ili picha iwe na upana mara mbili na urefu mara mbili bila kupoteza uwazi, megapikseli lazima ziwe mara nne: kutoka 8 hadi 32. Kupanda kutoka 12 hadi 16, jambo ambalo dukani huongezewa bei bila aibu, ni nyongeza ya asilimia 15 ya upana. Kwenye picha ya kawaida ya mkononi, hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo.

Mbio za namba hizi zina historia. Kamera ya kwanza ya kielektroniki ya kubebeka ilitengenezwa na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, yaani sehemu moja kwa mia ya megapikseli. Mwaka 1991 Kodak iliuza kamera ya wanahabari yenye megapikseli 1.3. Miaka ya 2000 ilipofika, kila msimu ulileta namba mpya, na wakati huo kupanda kutoka 2 hadi 5 kulikuwa na maana kubwa kwa mchapaji wa picha. Baadaye maana ilipungua, lakini matangazo hayakupungua. Canon wenyewe walitoa ushahidi mzuri wa jambo hili: kamera yao ya PowerShot G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7, na G11 iliyofuata mwaka 2009 ikashushwa hadi 10. Kampuni iliamua kurudi nyuma kwa namba ili ipate picha safi zaidi kwenye mwanga hafifu.

Mteja wa mwambao ananunua picha gani?

Swali la biashara si kamera ina megapikseli ngapi, bali mteja analipia karatasi ya ukubwa gani. Kipimo kinachotumika na wachapaji ni nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Zaidi ya hapo, mtu anayeshika picha mkononi haoni nyongeza yoyote.

Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, ile inayowekwa kwenye albamu, inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200. Hiyo ni megapikseli 2.2. Picha ya sentimita 13 kwa 18 inahitaji karibu 3.2. Picha ya ukutani ya inchi 8 kwa 10 inahitaji 7.2, na karatasi nzima ya A4 inahitaji 8.7. Ni A3 peke yake inayofika 17.4, na ni wateja wachache kwenye mwambao wanaoagiza A3.

Picha ndogo za pasipoti na vitambulisho, ambazo kwa studio nyingi ndizo zinazolipa kodi ya chumba, zinahitaji kidogo mno. Picha ya milimita 35 kwa 45 ni nukta 413 kwa 531, yaani takriban robo ya megapikseli. Hata picha ya kielektroniki inayotakiwa kwenye maombi ya viza ya Marekani ni mraba wa kati ya nukta 600 na 1,200 kila upande, na faili lisizidi kilobaiti 240. Anayepiga picha hiyo kwa kamera ya megapikseli 24 atalazimika kuipunguza kabla ya kuituma.

Printa nayo ina kikomo chake. Printa ndogo za joto za aina ya Canon Selphy, zinazofaa kwa mwenye meza sokoni kwa kuwa hazihitaji wino wa maji, huchapa kwa nukta 300 kwa inchi. Ukiipelekea faili la megapikseli 20 ili itoe picha ya albamu, printa itabaki na zile 2.2 inazozihitaji na kuacha zilizobaki.

Kuna kasoro nyingine ambayo haihusu wingi wa nukta bali umbo la picha, na imewaharibia watu harusi nyingi. Kamera ndogo nyingi hutoa picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya albamu ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha ikijazwa kwenye karatasi hiyo, asilimia 11 ya urefu wake hukatwa. Aliyesimamisha maharusi hadi ukingo wa juu wa skrini atakuta kilemba cha mama mkwe kimebaki nje. Kamera nyingi zina mahali pa kubadilisha uwiano kuwa 3 kwa 2. Ni vema kufanya hivyo siku ya kwanza na kuiacha hapo.

Mahali ambapo namba kubwa inasaidia

Si haki kusema megapikseli hazina kazi. Zipo kazi tatu ambapo mpiga picha wa Nchelenge atazihitaji kweli.

Ya kwanza ni picha ya kundi. Shule ikitaka darasa zima kwenye picha moja, wanafunzi 20 kwa safu, kamera yenye upana wa nukta 3,000 humpa kila mmoja nukta 150 za upana, mabega na nafasi vikiwemo. Kamera yenye upana wa nukta 6,000 humpa 300. Mzazi atakayeomba uso wa mwanawe utolewe kwenye picha hiyo na kukuzwa atajua tofauti.

Ya pili ni kukata picha. Mpiga picha anayesimama ufukweni huku boti ikiwa mbali, au aliyezuiwa nyuma ya umati kwenye sherehe ya Umutomboko inayofanyika kila Julai huko Mwansabombwe, atapiga picha pana kisha akate sehemu anayoitaka. Akibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, amebakiwa na robo ya nukta. Megapikseli 24 zinakuwa 6, ambazo bado zinatosha picha nzuri ya sentimita 13 kwa 18. Megapikseli 8 zinakuwa 2, na hapo hata picha ya albamu inaanza kulegea. Lakini lenzi ndefu ingemhudumia vizuri zaidi kuliko nukta za ziada, maana Mwata Kazembe anapocheza na shoka na upanga mkononi, vumbi limejaa na kila kitu kinakwenda kasi. Picha ikitikisika, megapikseli 24 za ukungu ni ukungu tu.

Izingatiwe pia kwamba zumu ziko aina mbili. Zumu ya lenzi husogeza vioo na kuleta kitu karibu kwa kweli. Zumu ya kidijitali hukata picha na kuivuta, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya baadaye kwenye kompyuta. Boksi likiandika zumu mara 40, mnunuzi aulize ni ipi.

Ya tatu ni mabango. Hapa watu huogopa kupita kiasi. Bango la mita 2 kwa 1 la kanisa au la mgombea husomwa kwa mbali, na mchapaji anaweza kulitoa vizuri kwa nukta 50 kwa inchi. Hesabu yake ni megapikseli 7.8 tu.

Kwa hiyo mtu anayepiga picha za albamu, pasipoti, harusi na mara moja moja A4 ametosheka na megapikseli 8 hadi 12 za kweli. Anayefanya makundi makubwa na kukata picha sana aende 16 hadi 24. Neno la msingi hapo ni “za kweli”, na litarudiwa.

Kitu kisichoandikwa kwenye boksi: kihisi

Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, ambacho hapa kitaitwa kihisi. Pikseli zote zinatoka hapo. Ukubwa wa kihisi ndio jambo linaloamua picha zaidi ya namba nyingine yoyote, na ndilo muuzaji asilolitaja, pengine kwa sababu hata yeye hajaambiwa.

Kamera ndogo nyingi za mfukoni zimewekewa kihisi kinachoitwa 1/2.3. Namba hiyo haipimi chochote kwa rula. Ni urithi wa vioo vya kamera za televisheni za zamani. Ukubwa wake halisi ni milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko punje ya mahindi, sawa na milimita za mraba 28. Kihisi cha kamera kama D40, zile za kubadilisha lenzi, ni milimita 23.7 kwa 15.6, takriban stempu ndogo ya posta, sawa na milimita za mraba 370. Kihisi cha pili kina eneo mara 13 ya cha kwanza.

Mwanga unaweza kulinganishwa na mvua, na kihisi ni beseni lililowekwa uani. Beseni pana linakusanya maji mengi kwa dakika ile ile. Mtengenezaji akigawa beseni dogo katika vyumba 16 badala ya 8, hajaongeza maji hata tone, ameongeza kuta. Mwanga ukiwa mwingi hakuna anayelalamika. Ukipungua, kila pikseli inapata mwanga kidogo sana, na kamera inalazimika kuukuza kwa umeme, ndiyo ile namba ya ISO inayopanda kutoka 100 hadi 1600 au 3200. Inapoukuza, inakuza na makosa yake. Hizo ndizo chembechembe za rangi zinazoonekana kwenye suti nyeusi na kwenye pembe za ukumbi wenye taa moja. Kisha programu ya kamera hujaribu kuzifuta, na uso wa bibi harusi unatoka laini kama sabuni.

Ukweli usemwe kikamilifu hapa, kwa kuwa jambo hili limetiwa chumvi pande zote mbili. Vihisi viwili vyenye eneo moja na vya kizazi kimoja, kimoja kikiwa na megapikseli 10 na kingine 16, havitapishana sana picha ikichapwa kwa saizi ile ile. Nukta nyingi zenyewe haziharibu picha, ila pia haziiponyi. Kinachotenganisha picha safi na chafu jioni ni eneo la kihisi, uwazi wa lenzi na umri wa teknolojia.

Hili linagusa mwambao wa Mweru kwa namna mbili. Kwanza, kazi nyingi za kulipwa hufanyika ndani au jioni: harusi, ibada, sherehe za shule, mikutano. Umeme nao si wa kuaminika kila mwaka. Mwaka 2024, baada ya ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa Zambia na kushusha maji ya bwawa la Kariba, mgawo wa umeme ulikuwa wa saa nyingi kwa siku. Mpiga picha anayefanya kazi kwa taa ya sola anahitaji kihisi kikubwa na flashi nzuri kuliko anavyohitaji nukta.

Pili ni mchana wa ufukweni. Ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000 ni kioo kikubwa cha jua. Kamera hupima mwanga wa picha nzima kisha hutafuta wastani. Ikiona maji meupe yanayong'aa nyuma ya mchuuzi wa dagaa wa chisense, hupunguza mwanga, na uso mweusi unageuka kivuli kisicho na macho. Dawa ni kuwasha flashi hata saa sita mchana, au kuongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kihisi kikubwa kinasaidia tena, kwa sababu kinabeba tofauti pana zaidi kati ya weupe wa maji na weusi wa kivuli kabla ya kimoja kupotea. Megapikseli haziingii kabisa katika jambo hili.

Megapikseli za boksi na megapikseli za kweli

Soko la kamera limebadilika. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa kwenda madukani mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya milioni 121. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Simu ndiyo iliyokula soko hilo. Kampuni kubwa zimeacha kutengeneza nyingi kati ya kamera za bei ya chini, na pengo hilo limejazwa na kamera zisizo na jina linalojulikana, zenye boksi la kupendeza na maandishi ya megapikseli 44, 48 au zaidi kwa bei ya chini kuliko simu.

Kamera za namna hiyo mara nyingi zina kihisi chenye nukta chache zaidi kuliko boksi linavyosema. Programu ndani ya kamera inachukua nukta zilizopo na kubuni nyingine katikati yake hadi namba itimie. Faili litakalotoka litakuwa kubwa kweli, na ukilisoma kwenye kompyuta litaonyesha nukta zote zilizoahidiwa. Lakini hakuna habari mpya ndani yake. Ni sawa na kuongeza maji kwenye ndoo ya maziwa: ndoo inajaa, maziwa ni yale yale.

Namna ya kugundua ni rahisi na haihitaji fundi. Mnunuzi atafute ukurasa wa gazeti au boksi la dawa lenye maandishi madogo, alipige picha akiwa umbali wa mita mbili kwenye mwanga mzuri, kwanza kwa namba kubwa ya megapikseli kisha kwa ile ndogo iliyo kwenye orodha ya kamera hiyo hiyo. Akizikuza zote hadi maandishi yawe sawa kwenye skrini na akakuta picha kubwa haisomeki vizuri kuliko ndogo, namba ya boksi ni mapambo. Asome pia karatasi ya maelezo iliyo ndani. Watengenezaji wenye sifa huandika pikseli halisi za kihisi kando na ukubwa wa picha. Mahali pasipoandikwa hivyo, bei ipungue au mnunuzi aondoke.

Simu nazo zina hesabu yake. Simu zenye kamera ya megapikseli 50 au 108 hazidanganyi kwa namna ile ile, ila kwa kawaida hazitoi picha ya nukta hizo. Samsung Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020, iliyouzwa kwa namba 108, huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12. Simu za bei ya kati zenye 50 huunganisha nne kuwa moja na kutoa karibu 12.5. Apple ilikaa na megapikseli 12 kwenye kamera kuu ya iPhone kuanzia mwaka 2015 hadi ilipotoa modeli za 14 Pro mwaka 2022, na hakuna aliyeiita kamera mbovu. Kuhusu zile lenzi mbili tatu za ziada zenye megapikseli 2 kila moja nyuma ya simu za bei nafuu, kazi yake kubwa ni kuonekana.

Mteja anayetaka picha yake itumwe WhatsApp badala ya kuchapwa naye ana kikomo. Kwa mpangilio wa kawaida programu hiyo hupunguza picha hadi takriban nukta 1,600 upande mrefu, karibu megapikseli 2. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la kutuma kwa ubora wa juu zaidi, na anayetaka faili lifike bila kuguswa alitume kama hati. Mpiga picha anayepokea kazi ya kuchapa kutoka ng'ambo ya ziwa amwambie mteja jambo hilo kabla, la sivyo atalaumiwa kwa ukungu ambao si wake.

Gharama, ushuru na mpaka

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kamera mbili zinafanana kwa lenzi na kihisi, na tofauti ya megapikseli 12 na 20 imeongeza bei kwa K1,500. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Zambia, na ni asilimia 16 pia Kongo. Forodha haitozi kwa megapikseli bali kwa thamani ya mali, hivyo ile nyongeza nayo inatozwa: K240 zaidi, kabla ya ushuru wa forodha wenyewe. Jumla K1,740. Ikiwa faida halisi ya picha moja ya albamu baada ya karatasi na wino ni K6, nyongeza hiyo imemeza faida ya picha 290. Kwa msimu wa kawaida huenda ni wiki kadhaa za kazi. Kati ya Desemba na Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia na fedha kupungua sokoni, ni muda mrefu zaidi.

Fedha hiyo hiyo ingenunua betri ya pili, kadi mbili za kumbukumbu na flashi ya nje. Kwa harusi ya Kilwa inayoanza asubuhi na kwisha usiku, betri ya pili ndiyo inayotofautisha aliyelipwa na asiyelipwa.

Wafanyabiashara wengine hudhani kwamba kwa kuwa Zambia na Kongo zote ziko COMESA na SADC, kamera zinavuka ziwa bila ushuru. Nafuu hiyo ni ya bidhaa zinazotoka ndani ya nchi wanachama. Kamera iliyotengenezwa Japani, Uchina au Thailand haipati nafuu kwa kupitia Dar es Salaam au Lusaka, na Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakubadilishi asili ya kamera. Kwenye karatasi za forodha kamera za dijitali ziko chini ya kichwa 8525. Mpiga picha anayevuka na vifaa vyake kwa kazi ya siku mbili kisha arudi navyo aviandikishe anapotoka, pamoja na namba za utambulisho zilizopigwa chini ya kamera, ili asidaiwe ushuru wakati wa kurudi nyumbani.

Mitumba: mambo ya kuangalia

Kwa mtaji mdogo, kamera iliyotumika yenye kihisi kikubwa na megapikseli 10 hadi 12 mara nyingi ni ununuzi bora kuliko mpya ya mfukoni yenye 20. Ila mitumba ina magonjwa yake, na mengi hayaonekani kwa kuwasha na kuzima.

Lenzi iangaliwe kwa tochi. Ielekezwe tochi upande mmoja na jicho upande wa pili, huku lenzi ikiwa wazi kabisa. Nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa kando ya ziwa utaukuza. Vumbi kidogo halina neno. Kihisi kikaguliwe kwa kupiga picha ya anga tupu na kukuza: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni uchafu, unaosafishika, au mikwaruzo, isiyosafishika.

Aina ya kadi iulizwe mapema. Nikon D70 ya mwaka 2004 hutumia kadi za CompactFlash, ambazo si rahisi kuzipata sokoni Kashikishi. D40 hutumia kadi za SD. Kamera za zamani zaidi zinazotumia SD hazisomi kadi ya zaidi ya gigabaiti 2, na zile za kati zinakomea gigabaiti 32. Anayenunua kadi ya gigabaiti 64 kwa kamera kama hiyo amenunua plastiki. Kadi bandia nazo ni nyingi: huonyesha gigabaiti 64 lakini hubeba chache, na picha za mwisho wa harusi hupotea bila onyo. Kadi mpya ijazwe faili hadi mwisho kwenye kompyuta, kisha faili la mwisho lifunguliwe, kabla haijapelekwa kazini. Picha ya megapikseli 6 huchukua takriban megabaiti 3, na ya 24 huchukua karibu 10, hivyo gigabaiti 8 zinatosha picha zaidi ya 2,000 za kwanza, au karibu 800 za pili.

Betri iwe ya aina ambayo bado inatengenezwa, na chaja yake iwepo. Muuzaji akisema chaja itapatikana huko mbele, mnunuzi apunguze bei ya chaja hapo hapo.